Keki ya chokoleti ya kunata: bapa, brauni au ya kiini? Chagua kwa jiko lako

Ukitaka keki ya chokoleti yenye ngozi nyembamba juu na utepetepe unaonata ndani, kuna keki tatu za kuchagua. Ya kwanza ni keki bapa ya Uswidi, kladdkaka, isiyotiwa beking pauda hata chembe. Kwao hupendwa kiasi kwamba tarehe 7 Novemba imewekwa kuwa siku yake. Ya pili ni brauni za Marekani, zinazookwa kwenye trei na kukatwa miraba. Ya tatu ni keki ndogo ya kiini, inayookwa kikombeni na kumwaga chokoleti ya moto ukiipasua. Mpishi Mfaransa Michel Bras alitoa ya aina yake mwaka 1981, akificha chokoleti iliyogandishwa ndani ya unga. Hii inayopikwa majumbani siku hizi ni rahisi zaidi kupika: hutolewa motoni kabla ya katikati kuiva.

Wengi huzilinganisha kwa ladha. Kwa aliye Mombasa, ladha ije baadaye. Kwanza tazama jiko: oveni ya stima, oveni ya gesi, mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake, au makaa? Kisha tazama kama una friji, kwa sababu keki hizi hazimaliziki motoni, humalizikia kwenye kupoa. Mapishi yanayosema "iache mezani ishikane" yaliandikwa kwa nyumba zenye baridi. Jikoni kwetu mwezi wa Machi siagi haigandi mezani, na keki hiyo itabaki ikitiririka hadi usiku.

Uamuzi wetu ni huu. Asiye na oveni, au anayeoka mara ya kwanza, achukue keki bapa. Anayetaka kubeba, kugawa au kuuza, brauni. Keki ya kiini ni ya mwenye oveni inayoshika joto na wageni waliokwisha keti mezani.

| | Keki bapa | Brauni | Keki ya kiini |
|---|---|---|---|
| Siagi | gramu 100 | gramu 115 | gramu 100 |
| Sukari | gramu 210 | gramu 200 | gramu 60 |
| Mayai | 2 | 2 | 2, na viini 2 zaidi |
| Unga wa ngano | gramu 80 | gramu 65 | gramu 30 |
| Chokoleti | kakao gramu 28 | kakao gramu 60 | chokoleti nyeusi gramu 100 |
| Chombo | duara la sentimita 22 | mraba wa sentimita 20 | vikombe 4 vya mililita 150 |
| Joto (Selsiasi) | nyuzi 175 | nyuzi 170 | nyuzi 220 |
| Muda | dakika 18–22 | dakika 24–28 | dakika 8–10 |

Zote tatu zitie chumvi kidogo, robo kijiko cha chai, isipokuwa siagi yako ina chumvi tayari. Keki bapa na brauni huongezwa kijiko kimoja cha chai cha vanila. Kama huna mizani, tumia kikombe cha mililita 250: sukari ya keki bapa ni kikombe kimoja, unga ni nusu kikombe na vijiko 2 vya mezani, na kakao ni vijiko 4 vya mezani vilivyosawazishwa kwa kisu.

Kinachoifanya inate

Angalia unga na sukari kwenye jedwali. Katika keki ya kawaida hukaribiana uzito, ila hapa unga hauzidi nusu ya sukari. Sukari nyingi hushika maji na kuchelewesha mayai kuganda, mafuta huzuia unga kukamatana, na kwa kuwa hakuna beking pauda, hakuna viputo vya kuinua na kukausha. Jambo la mwisho ni kuiondoa motoni mapema. Keki ya kawaida huwa imeiva katikati karibu na nyuzi 95, na hizi huondolewa kabla hazijafika huko. Ukiwa na kipimajoto cha nyama, chomeka katikati ya keki bapa: ikisoma kati ya nyuzi 75 na 80, mayai yamepita nyuzi 71 zinazohesabiwa kuwa salama, na keki bado inanata.

Keki ya kiini haiwezi kukupa uhakika huo, kwa maana kiini chake hutiririka kwa sababu mayai hayajaganda. Usimpe mjamzito, mtoto mdogo wala mgonjwa. Hili pekee linatosha kuiondoa katika karamu ya ukoo mzima.

Keki bapa, hatua kwa hatua

Yeyusha siagi kwa moto mdogo, ondoa jikoni, mimina sukari papo hapo na ukoroge dakika mbili nzima. Usiiharakishe hatua hii. Sukari ya kahawia inayouzwa madukani kwetu ina chembe kubwa, na zisipoyeyuka kwenye siagi ya moto utazitafuna kwenye keki kama mchanga. Ukiwa na sukari nyeupe laini, dakika moja yatosha.

Sasa subiri. Chovya kidole: ukiweza kukiacha ndani bila kukitoa mbio, tia mayai, moja moja, ukikoroga kila mara. Siagi ikiwa ya moto mno utapata vipande vya mayai yaliyoiva, na hakuna dawa isipokuwa kuchuja. Chunga pamoja unga, kakao na chumvi, kisha uchanganye kwa mwiko hadi weupe wa unga upotee, basi. Usitumie mashine ya kupigia mayai. Mashine hujaza hewa, keki huumuka kama sponji, kisha ikitolewa hudidimia katikati na kubaki kavu kingoni. Wengi hulaumu unga, kumbe ni mashine.

Paka chombo siagi, kisha kizungushie nazi kavu iliyokunwa au chenga za mkate mkavu. Waswidi wenyewe hutumia hivi viwili, na kwetu nazi haina mpinzani: huacha ukoko mwembamba wenye harufu nzuri. Lakini nazi mbichi iliyotoka kwenye mbuzi ina maji mengi, itaganda chini na kuungua. Ikaange kavu kwenye kikaango hadi ianze kugeuka rangi, ipoe, ndipo uitumie.

Oka kwenye oveni iliyokwisha pata moto. Oveni nyingi za gesi majumbani huchoma kutoka chini tu, kwa hivyo weka keki ngazi ya kati na sinia tupu ngazi ya chini kukinga moto. Namba za kwenye kitufe usiziamini sana, na kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni kinafaa kuliko chombo kingine chochote utakachonunua kwa kazi hii.

Anza kuchungulia dakika ya 16. Tikisa chombo taratibu: kingo, upana wa vidole viwili, ziwe zimeshika, na katikati kutikisike kama uji mzito. Chomeka kijiti kando ya ukingo, kitoke kikavu. Kichomeke katikati, kitoke na tope zito. Kikitoka na majimaji, ongeza dakika mbili, na kikitoka kikavu katikati, umeshachelewa: una keki nzuri ya chokoleti, ila si ya kunata. Kumbuka pia kwamba chombo cha moto huendelea kupika baada ya kutolewa, hasa kikiwa kizito.

Chombo cha sentimita 24 hutoa keki nyembamba inayoiva kwa dakika 15 hadi 18. Cha sentimita 20 hutoa nene na huhitaji dakika 4 au 5 zaidi ya zilizo kwenye jedwali.

Juu ya makaa

Hapa keki bapa huzishinda nyingine kwa mbali, na anayejua mkate wa mayai au mkate wa kumimina tayari ana nusu ya ujuzi. Kazi ni kupalia moto juu na chini. Tofauti ni kwamba mkate wa kumimina una hamira na mkate wa mayai una povu la mayai yaliyopigwa, hivyo vyote huharibika mfuniko ukifunuliwa mapema. Keki bapa haiumuki, kwa hiyo huna cha kuogopa: funua, angalia, funika tena.

Chagua sufuria nzito ya kitako bapa, upana wa sentimita 22 hivi, yenye mfuniko bapa usio na kishikio cha plastiki. Acha makaa yashike hadi yavae majivu meupe, kwa sababu makaa yenye mwali huunguza upande mmoja na kutia keki harufu ya moshi. Gawanya makaa mafungu matatu: fungu moja chini, lililotandazwa pembezoni mwa jiko badala ya kulundikwa katikati, na mafungu mawili juu ya mfuniko. Pasha sufuria tupu dakika tano na moto wake juu na chini, kisha paka siagi, nyunyiza nazi haraka na umimine. Kila baada ya dakika saba zungusha sufuria robo duara, maana upepo wa bahari ukipita uani upande mmoja wa jiko huwaka kuliko mwingine.

Chungulia dakika ya 15. Matatizo ni mawili tu. Ikinukia ukoko mapema, moto wa chini ni mwingi: ondoa sufuria jikoni kabisa, iweke sakafuni juu ya matofali, uiache imalizwe na makaa ya juu. Ikiwa juu bado kunang'aa majimaji dakika ya 25 ilhali kingo zimeshika, makaa ya juu yamefifia. Ongeza mapya yaliyokwisha shika, si ya jikoni yenye majivu matupu. Ukifunua, inua mfuniko wima bila kuuinamisha, la sivyo majivu yataingia kwenye keki.

Brauni kwenye makaa inawezekana, ila ngozi yake ya kung'aa mara nyingi haitokei. Keki ya kiini usiijaribu huko. Vikombe vinne ni vidogo, na dakika moja ndiyo inayotenganisha kiini kinachotiririka na keki iliyoiva yote. Makaa hayakupi dakika moja.

Mwenye mtungi wa gesi bila oveni

Weka mchanga mkavu na safi, kimo cha sentimita mbili, kwenye sufuria kubwa ya alumini, simamisha juu yake kigoda kidogo cha chuma au kifuniko cha bati kilichogeuzwa, funika, na upashe kwa moto wa kati dakika 15. Chombo cha keki kiwekwe juu ya kigoda hicho, kisiguse mchanga. Usitumie sufuria yenye utando wa kutoshika, kwani haifai kupashwa kavu. Oka dakika 25 hadi 35, moto ukishushwa baada ya dakika 10 za kwanza.

Udhaifu wa njia hii ni juu ya keki. Hakuna moto unaotoka juu, na mvuke hujikusanya kwenye mfuniko na kudondoka. Utapata utepetepe bila ngozi. Kuzuia matone, funika chombo cha keki kwa foili iliyolegea, kisha iondoe dakika tano za mwisho na uache mfuniko wazi upana wa kidole. Kuna wanaofunga taulo kwenye mfuniko. Hufanya kazi, lakini karibu na mwali wa gesi ni hatari na hatuipendekezi.

Brauni

Kakao ni mara mbili ya keki bapa, kwa hiyo ladha ni kali na rangi ni nyeusi zaidi. Yeyusha siagi na uchanganye na kakao ikiwa ya moto, kwani joto huamsha harufu ya kakao. Pembeni, piga mayai na sukari dakika tatu hadi yapauke na kuwa mazito. Hapa kupiga ndiko kunakoleta ile ngozi nyembamba inayopasuka ikikatwa. Changanya vyote viwili, malizia na unga kwa mwiko. Tandika karatasi ya kuokea inayopita kingo za trei ili uweze kunyanyua brauni zote kwa pamoja.

Kosa kubwa ni kukata zikiwa na joto. Zipoe kabisa, zikae friji saa mbili, ndipo ukate kwa kisu kirefu kilichochovywa maji ya moto na kufutwa kila mkato. Vipande 16 vya sentimita 5 vinapatikana. Brauni zilizopoa hivyo huvumilia kuvuka feri ya Likoni ndani ya kibweta, na zikifika mtu hula kwa mkono bila kijiko. Keki bapa katika safari hiyo hiyo ingekuwa tope kwenye sahani. Kwa Idi, kwa mkutano wa akina mama au kwa oda ya dukani, sioni sababu ya kuchagua nyingine.

Keki ya kiini

Hii ndiyo yenye unga kidogo kuliko zote na haisamehe. Yeyusha siagi na chokoleti kwenye bakuli lililo juu ya maji yanayofuka. Mvuke au tone la maji likiingia kwenye chokoleti peke yake hukatika na kuwa chembechembe, kwa hiyo siagi iwemo tangu mwanzo. Koroga mayai, viini na sukari kwa uma, tia chokoleti, kisha unga. Paka vikombe siagi na uvinyunyizie kakao hadi ukingoni, maana pasipofika kakao ndipo zitakapong'ang'ania. Vikombe viwe vya bati au vya kauri inayostahimili oveni. Bilauri za chai hupasuka.

Oveni ipate moto dakika 20 kamili. Zitoe juu kukiwa kumeshika na katikati kumebonyea kidogo ukigusa. Ziache dakika moja, pindua sahanini, mpe mgeni. Baada ya dakika kumi kiini kimeshaanza kuganda. Uzuri wake ni kwamba unaweza kujaza vikombe asubuhi, ukaviweka friji, ukaoka baada ya futari kwa kuongeza dakika 2 au 3. Stima ikikatika kabla ya dakika ya sita, hapo hakuna cha kuokoa. Keki bapa iliyokwisha pata dakika 12 hujimalizia yenyewe ndani ya oveni iliyofungwa.

Ile ya kikombe inayopikwa kwa maikrowevu dakika moja na nusu tumeiacha nje. Hunata kwa dakika tano, kisha hugeuka mpira.

Dukani: palipo na mitego

Unga ule uliokwisha changanywa na beking pauda kiwandani ndio unaoharibu keki hizi kuliko kitu kingine. Pakiti zake hufanana na za unga wa kawaida, soma maandishi. Unga wa atta nao huacha makapi mdomoni.

Kakao na chokoleti ya kunywa ni vitu viwili. Ya kunywa imejaa sukari, na ukiitumia badala ya kakao utapata keki tamu ya rangi ya udongo isiyo na ladha ya chokoleti. Kwenye orodha ya viambato pawe na kakao peke yake.

Chokoleti ya kipande, soma kama ina siagi ya kakao au mafuta ya mawese. Ya mawese haigandi wala kuyeyuka ipasavyo, na keki ya kiini itakuwa na mafuta yanayoelea. Siagi ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34, ndiyo maana chokoleti iliyokaa dukani kwetu bila kiyoyozi huota weupe. Weupe huo ni mafuta yaliyopanda juu. Haijaharibika, na ukiiyeyusha hupotea.

Majarini hufanya kazi kwenye keki bapa na brauni, ladha ikipungua. Epuka zile nyepesi za kupaka mkate, zina maji mengi. Mafuta ya kupikia nayo yanafaa: mililita 90 badala ya gramu 100 za siagi. Kwa hakika keki bapa ya mafuta hubaki laini hata ndani ya friji, ilhali ya siagi hukaza. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24, kwa hiyo ya friji itakuwa ngumu. Tui ni maji kwa sehemu kubwa. Liache.

Mayai ya kienyeji ni madogo. Weka matatu pahali pa mawili. Iliki iliyosagwa, robo kijiko cha chai, huenda vizuri sana na kakao. Kijiko cha mezani cha kahawa tungu nacho huikoleza chokoleti bila keki kuwa na ladha ya kahawa, mradi haikupikwa na tangawizi.

Kupoza na kuhifadhi

Keki bapa: iache mezani dakika 30 ndani ya chombo chake, kisha friji saa moja na nusu. Ukitaka ya kulamba kwa kijiko na aiskrimu, iliwe ikiwa vuguvugu. Ukitaka ya kukatika vipande, ipite friji. Asiye na friji apunguze siagi hadi gramu 85, aoke dakika mbili zaidi, na akiweke chombo kilichopoa kwenye sinia la maji baridi.

Unyevu wa pwani hulainisha ngozi ya juu kwa saa chache, kwa hiyo usiifunike keki ikiwa bado na joto. Ikishapoa ifunike vizuri: siku ya kwanza mezani, baada ya hapo friji, siku nne. Brauni zilizofungwa moja moja hukaa friza miezi miwili na huyeyuka mezani kwa nusu saa. Keki ya kiini iliyobaki ipashe maikrowevu sekunde 20. Kiini hakitatiririka tena kama mwanzo, lakini bado italika.